Siku Tulipokula Mbegu za Mama

Katika kazi yangu ya kumaliza chuo, ile tunayoiita mémoire, neno biodiversité, yaani wingi wa aina za viumbe, liko karibu katika kila ukurasa. Siku moja nilianza kulihesabu, nikaacha kwa aibu kabla sijafika katikati. Niliandika juu ya biodiversité ya misitu, ya mabwawa, ya milima ya nchi ambazo sitazifikia. Shamba la mama yangu halimo. Na nilikuwa ninaandika nikiwa nimeshiba maharagwe ya shamba hilo, ndani ya chumba cha Butembo kilicholipwa na maharagwe hayohayo. Wakanipa distinction, alama za juu. Mwalimu aliyenisimamia alisema nina jicho la mwanasayansi. Sijui aliliona wapi jicho hilo.

Shamba liko Kipese, juu kwenye baridi, mahali ambapo asubuhi mtu anaiona pumzi yake. Ni mteremko mmoja, lakini mama anauhesabu kama mashamba matatu. Juu kuna udongo mwekundu unaopigwa na upepo. Katikati udongo ni mweusi, mzuri, hata mtu mvivu anavuna. Chini, karibu na kijito, udongo unashika maji na haupati joto hata jua likiwaka. Baba alimwachia mama shamba hilo alipofariki, mimi nikiwa bado shule ya msingi, na mama akatusomesha nalo.

Mtoto wa chuo akilitazama ataona fujo. Maharagwe yanapanda juu ya mahindi. Maboga yanatambaa chini yao na kufunika udongo. Lengalenga, mchicha wetu, inajiotea yenyewe kila mahali na hakuna anayeipanda, lakini mama akipalilia anairuka kama mtu anayeruka mtoto aliyelala. Pembeni mwa kijito kuna mateke, yaani magimbi. Kwenye mpaka wa juu kulikuwa na mstari wa miti yenye maua mekundu, mingine imepinda, mingine imekatwa matawi hadi ikafanana na ngumi. Kumbuka miti hiyo.

Sasa maharagwe. Mama hapandi aina moja. Anapanda mchanganyiko, kama wanavyofanya wanawake wote wa kwetu, na kila aina katika mchanganyiko ina jina lake. Masista ni yale meupe yenye kahawia mgongoni, kama nguo za masista wa parokia. Soldat, yaani askari, ana madoa ya kijani. Karibu-mugeni inaiva haraka, unaipika mgeni akiwa bado anakunywa maji. Na kuna Bubu, ndogo, rangi ya majivu, ngumu kama changarawe. Sufuria ikichemka nyingine zinaruka na kupiga kelele, Bubu inakaa chini kimya hadi kuni ziishe. Hakuna anayeipenda. Mama aliipata kwa mama yake siku ya kuolewa, pamoja na nyingine zote, na yeye naye aliwagawia wengine. Alinieleza mara moja tu kwa nini anaitunza: sehemu ya chini ya shamba, mvua ikizidi, kila kitu kinaoza isipokuwa hiyo. Mwaka baba alipofariki ndiyo tuliyokula. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba tulitafuna sana.

Mbegu anazitunza katika bidoni tatu za manjano, zile za mafuta ya kupikia, amezikata shingo na kuziwekea vifuniko. Moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini. Ndani anachanganya na majivu ili wadudu wasiingie. Bidoni hazina alama yoyote. Yeye anajua.

Nilipomaliza chuo nilikaa miezi mingi bila kazi, nikifikiria. Mimi nafikiria sana. Nikiulizwa habari ya asubuhi natafuta majibu matatu na kuchagua baya. Halafu nikapata stage, nafasi ya kujifunza kazi, katika mradi mmoja wa kilimo, wenye jeep nyeupe na kalenda nzuri. Msimamizi wetu, mwanaume mwenye viatu visivyojua tope, aliniambia kwamba stagiaire anayetafuta shamba la démonstration, la mfano, kwa bidii ndiye atakayepewa contrat ya kazi. Mbegu ingekuwa aina moja ya maharagwe yanayopanda fimbo, améliorée, iliyoboreshwa, safi, punje zote zinafanana kama mapacha. Nikampa shamba la mama yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Mama alikubali nusu. Alisema, "Chukua ya katikati. Ya juu na ya chini hapana gusa. Kama njo kazi yako, panda katikati, tutaona." Halafu simu ikaja kutoka Beni: mama mudogo, mdogo wake anayeishi Kalunguta, amelazwa hospitalini huko, na anahitaji mtu wa kumwuguza. Mama akafunga kitenge, akachukua sahani na blanketi. Kabla ya kupanda moto, pikipiki ya abiria, akanionyesha bidoni kwa kidole. "Mvua ikianza, ya juu kwa juu, ya chini kwa chini. Ukisahau, uliza shangazi yako." Shangazi, dada ya marehemu baba, anakaa ng'ambo ya njia na shamba lake linapakana na letu.

Msimamizi alipofika na kuliona shamba alicheka hadi akashika mlango wa jeep.

"Mais non, ingénieur! Hii ni champ ama ni soko?"

"Ni ya mama," nikasema, kana kwamba namshtaki.

"Champ ya démonstration inapaswa kuwa propre. Mutu akipita kwa barabara aone kitu kimoja. Hapa naona nini? Naona salade."

Basi tukasafisha. Shamba lote, hata juu na chini alikokataza mama, kwa sababu sehemu ya katikati peke yake haionekani vizuri kutoka barabarani. Tuling'oa maboga. Tuling'oa lengalenga, na wiki iliyofuata nikawa nanunua lengalenga sokoni. Miti ya mpakani msimamizi alisema inaleta kivuli na ndege, ikakatwa na kuchomwa mkaa. Kisha maharagwe ya mradi yakahitaji fimbo za kupandia. Kila mwaka mama alikata fimbo zake kwenye miti ileile, ndiyo sababu ilikuwa imepinda vile. Tukaletewa fimbo za eucalyptus kwa lori, kutoka mbali, na mimi nikasaini karatasi ya kuzipokea. Wakati nasaini niliwaza jambo moja tu: kama saini yangu inaonekana ya mtu mwenye uhakika.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa kawaida tu, nchi yetu inao wengi. Lakini msimamizi aliomba inventaire ya mbegu za kienyeji kwa ajili ya ripoti. Punje kumi za kila aina, ndani ya chupa za kioo, na lebo. Nikafurahi. Hatimaye kazi ya kichwa! Nikatandika bashe, lile turubai kubwa, uani, nikamimina bidoni ya kwanza. Nikaona rangi zilivyo nyingi, nikafikiri kuchambua zote kwa pamoja kutakuwa na mpango mzuri zaidi, nikamimina ya pili na ya tatu juu yake.

Siku tatu nilikaa juu ya bashe hiyo, nikichambua kwa rangi. Vilima vyeupe, vyekundu, vya madoa, kilima kidogo cha majivu. Nilitumia hata kioo cha kukuzia. Nilipomaliza, punje kumi kumi zikiwa tayari kwenye chupa za msimamizi, nilisimama, nikanyoosha mgongo, nikatazama kazi yangu, na ndipo nikaelewa nilichokifanya. Bidoni tatu hazikuwa tatu za bahati. Mama alikuwa amepima: Masista kiasi gani kwa juu, Soldat kiasi gani kwa katikati, Bubu nyingi kwa chini na karibu hakuna kwa juu. Vipimo hivyo havikuandikwa popote isipokuwa ndani ya bidoni zenyewe, na mimi nilikuwa nimevifuta kwa usafi mkubwa.

Mtu mwingine angekwenda ng'ambo ya njia kumwambia shangazi ukweli. Mimi nilianza kufikiria. Nilifikiria kwamba mradi umeleta mbegu, kwa hiyo hizi si mbegu tena. Kwamba kitu kisichokuwa mbegu ni chakula. Kwamba Alhamisi wanakuja wageni wa mradi, nao watakula. Ilikuwa hoja iliyopangwa vizuri, ingepata alama nzuri mbele ya jury yoyote. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kimoja tu: sikutaka mama akute vile vilima.

Alhamisi nikaosha majivu na kupika. Sufuria mbili kubwa. Wageni walikula, wakasifu. Vibarua walikula. Shangazi naye alikuja, akakaa kwenye jiwe na sahani yake.

"Maharagi hii ilitoka wapi?" akauliza. "Iko na utamu wa zamani."

"Ya mradi, shangazi."

"Basi mradi yenu iko na akili." Akatafuna. Akatema punje moja ya kijivu mkononi, akaitazama, akanitazama. "Lakini hii haijaiva."

"Kuni zilikuwa mbichi," nikasema.

Mama alirudi maharagwe ya mradi yakiwa yamefika magoti. Mama mudogo alikuwa amepona na kurudi Kalunguta. Nilimwona mama akisimama mpakani na mzigo wake kichwani, akitazama visiki. Aliingia nyumbani, akatua mzigo, akanywa maji, halafu nikasikia kifuniko cha bidoni ya kwanza. Cha pili. Cha tatu. Nami nimesimama uani nimeshika jembe ambalo sikuwa na kazi nalo.

"Uliipanda?" akauliza kutoka ndani.

"Hapana, mama."

"Uliuzisha?"

"Hapana."

Akatoka. "Ulikula?"

"Tulikula."

"Yote?"

"Yote."

"Na Bubu?"

"Na Bubu."

Akakaa kwenye kizingiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu kwa kelele.

"Yenyewe iliiva?" akauliza.

"Ilikataa."

"Umeona?" akasema, si kwangu, kama anamsifu mtoto mwingine aliyekuwa na adabu zaidi.

Shangazi aliposikia alivuka njia akiwa na mwiko mkononi. "Donc miye nilikula mbegu ya wifi yangu! Kwa mudomo yangu! Na nikasema iko na utamu!" Akanigeukia. "Weye njo walikufundisha miaka yote ile? Musimu wenye kuja tutapanda nini? Tutapanda mémoire yako?"

Mama alisema tu, "Bon. Sasa tuombee ile ya mradi." Na kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu akienda kutazama maharagwe ya mtu mwingine kila asubuhi kama yake, kwa sababu hakuwa na mengine. Yakizaa, atakuwa na mbegu, mbegu ya namna moja lakini mbegu. Yasipozaa, mwanamke ambaye miaka yote aliwagawia wengine atakuwa na bidoni tatu za majivu.

Yalitoa maua siku moja, yote. Msimamizi alikuja kupiga picha: shamba jeupe kutoka barabarani hadi kijito, kila mmea umevaa sare kama wanafunzi mbele ya bendera. Alisimamisha kibao chenye jina la mradi. Nilisimama pembeni ya kibao, nikatabasamu.

Mvua ikaja juma hilohilo, ya baridi, ya kutwa, ikakaa. Hakuna kitu cha ajabu katika mvua ya Kipese. Kila mtu anaijua isipokuwa kalenda ya mradi. Maua yalianguka yote kwa pamoja kama yalivyofunguka kwa pamoja. Majani yakapata madoa, shina likawa laini kwenye udongo. Maboga hayakuwepo kufunika udongo, tope likarukia juu. Kule chini kwenye kijito kulinuka. Ng'ambo ya mpaka, shamba la shangazi lilipigwa na mvua hiyohiyo. Masista wake walikufa. Soldat aliyumba. Lakini Karibu-mugeni ilikuwa imekwisha funga maganda kabla ya mvua, na nyingine zilikuwa bado hazijatoa maua. Alivuna kidogo, akalalamika sana, na sufuria yake ikachemka kila siku. Kwetu hatukupata hata ya kujaza kofia.

Msimamizi alikuja mara moja. Hakutoka ndani ya jeep mpaka mvua ilipopungua. "C'est une leçon, ni somo," akasema, "tutaiandika." Akapiga picha tena, akang'oa kibao ili kikatumike kwingine, akaniambia kuhusu contrat tutaonana Butembo. Hatukuonana kuhusu contrat. Shamba lilioza, mimi nikaoza nalo, na kilichookolewa ni kibao.

Kabla ya msimu kufika mama alinipa beseni ya enameli na kitambaa cheupe. "Nenda utafute mbegu."

Nikamwambia nitapiga simu, nitaomba kila mmoja atume kidogo kwa moto. Alinitazama kama nimesema kwa Kichina. "Mbegu haiko ya kuomba kwa telefone. Unaenda, unakaa, unachagula nabo. Wakuone."

Hiyo ndiyo desturi, na ni ya wanawake. Mbegu haiuzwi kati yao, wala hakuna anayemnyima mwenzake. Lakini anayeomba anafika na kitu cha shamba lake, anapewa lungo, yaani ungo, anakaa chini na kuchagua pamoja na mwenye nyumba hadi kazi iishe, akieleza udongo wake na jinsi alivyopoteza mbegu yake. Kwa mvua, kwa wizi, kwa kukimbia vita. Mimi nilikuwa na maelezo ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuyatoa.

Nilianza kwa shangazi, kwa kuwa alijua tayari. Aliita majirani ili waje kumwona ingénieur na lungo. "Shika vizuri, hiyo haiko diplôme!" Walicheka hadi machozi. Mchana akanipa Masista wachache waliobaki kwenye paa, na Soldat, na nyingine mbili.

"Na Bubu, shangazi?"

"Bubu? Miye niliitupa zamani. Ile ilitaka kumaliza msitu yote kwa kuni."

Masereka anakaa mama wangu wa ubatizo. Siku hizi shamba lake karibu lote ni powaro, vile vitunguu virefu vya majani, na viazi, mistari iliyonyooka hadi macho yanauma, malori yanakuja kuchukua na kupeleka Butembo. Nilipoona hivyo nikakata tamaa. Lakini nyuma ya jiko kulikuwa na kipande cha ardhi kisicholingana na kitu, mahindi, maboga, maharagwe ya rangi zote.

"Powaro njo ya batu ya Butembo," akasema. "Hii njo ya tumbo yangu." Alinisikiliza nikieleza, mikono yake ikiendelea kuchagua. Nilipofika kwenye sufuria mbili, mikono ilisimama. "Ulipika mbegu." "Ndiyo, mama." "Ukaosha majivu kwanza." "Ndiyo." "Donc ulijua iko mbegu." Nilipoteza nusu saa ya usingizi kila siku juma lote nikitafuta jibu. Alinipa Karibu-mugeni kujaza mikono miwili, na nyingine tano ambazo mama angezijua majina. Bubu aliwapa kuku zamani.

Nilipofika Butembo nikakumbuka chupa zangu za inventaire! Punje kumi za Bubu, zimehifadhiwa kisayansi. Nilipanda ngazi za bureau, ofisi ya mradi, mbilimbili. Chupa zilikuwa dirishani, kwenye jua, zimepangwa kwa mstari mzuri, na lebo zangu za kompyuta zinasomeka hata kutoka mlangoni. Ndani kulikuwa na vumbi na wadudu wanaotembea. Mimi niliyejua jina la Kilatini la mdudu huyo sikukumbuka kuweka kijiko kimoja cha majivu. Lebo peke yake ndiyo haikuwa imetobolewa.

Ikabaki Kalunguta. Niliuliza wenye moto kama njia iko wazi siku hiyo, wakasema iko wazi, nikaenda, mguu mmoja umebanwa na gunia la viazi na miche ya mateke ambayo mama alinipa nipeleke. Mama mudogo alikuwa amekonda, ameketi chini ya migomba yake akimenya muhogo. Kwake ni joto; kahawa, ndizi, muhogo na maharagwe vyote vinakaa kwenye kivuli kimoja kama familia iliyokimbilia nyumba moja.

Alikuwa amekwisha sikia. Habari ya namna hiyo haingoji moto.

"Karibu, mupishi," akasema.

Nikakaa. Akanipa lungo. Nilichagua hadi jua likapita juu ya kichwa, naye hakusema lolote isipokuwa "Hiyo hapana" na "Hiyo ndiyo." Mwishoni nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu Bubu.

"Unaitafutia nini? Unataka kuipika tena?"

"Mama anaitaka kwa chini. Kwa kijito."

Aliinuka polepole, akanipeleka nyuma ya choo, kwenye ua wa miti na miiba. Juu ya ua kulikuwa na mashina makavu ya maharagwe, yamejisokota yenyewe, hakuna fimbo. "Hapa kwangu haizai vizuri. Iko joto sana. Mais siku naolewa dada yangu aliniambia, hata ukiichukia, hapana iache ikufe. Donc kila mwaka naichuma, naitupa tena hapa." Akavunja maganda moja moja. Zilijaa kiganja kimoja, si zaidi. Akazifunga kwenye jani la mgomba, kisha kwenye kona ya kitambaa, akakaza fundo kwa meno. "Ukila hizi," akasema, "hapana rudi kwa familia."

Njiani nilifikiria kama ni salama zaidi mfukoni au begani, kama jasho linaharibu, kama mtikisiko unaharibu. Kwenye kizuizi askari mmoja alifungua fundo.

"Nini hii?"

"Mbegu, chef."

Akazigeuza kwa kidole. "Madesu moke boye?" akamwambia mwenzake kwa Lingala, maharagwe kidogo hivi, wakacheka. "Weye mukubwa yote, utashiba lini?" Moja ilianguka kwenye vumbi. Nikapiga magoti mbele ya buti lake na kuitafuta. Nadhani aliniona mwendawazimu, ndiyo sababu alinirudishia zote na hakuomba kitu.

Mama alimimina kila kitu juu ya bashe ileile. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alichanganya kwa mikono, bila kipimo, akirudi nyuma, akiongeza Masista, akiondoa Soldat, hadi bidoni tatu zikasimama tena, hazijajaa. Bubu aliziweka karibu na pua. "Zimenenepa," akasema. "Kalunguta inazifanya zilegee." Akazipanda mwenyewe kule chini, moja moja. Kwenye mpaka alichomeka matawi ya miti yenye maua mekundu aliyoomba kwa shangazi. Lengalenga haikuhitaji kuombwa, ilirudi.

Mvua ya msimu huo ilikuwa ya kawaida tu, yaani mbaya. Tulipovuna, Bubu ilijaza bakuli. Siku hiyohiyo simu yangu ililia: bureau. Wanaandaa atelier, yaani semina, huko Beni kuhusu wakulima na biodiversité, wanahitaji mama mmoja wa mfano, aje na mbegu zake zote, atapewa t-shirt. Msimamizi alisema neno gardienne, mtunzaji, kwa sauti laini, kana kwamba yeye ndiye aliyelizaa. Nikamweleza mama.

"Kwa hiyo atelier batakula nini?" akauliza.

"Wali na kuku, nadhani."

"Hata vile, miye siendi." Akaendelea kuchagua Bubu za bakuli.

Akaligawa katika vifundo vinne. Kimoja akaweka kwenye bidoni. Kimoja cha mama mudogo, kimoja cha mama wa ubatizo, na kimoja akamkabidhi shangazi pale pale, ambaye aliruka nyuma.

"Wifi, hii inamaliza kuni!"

"Hapana ipika, basi. Panda tu pembeni. Isikae tena kwa nyumba moja tu."

Shangazi akakichukua akinuna. Nikangoja. Nikahesabu vifundo tena, kwa macho.

"Na miye, mama?"

"Weye uko na shamba?"

"Hapana."

"Basi." Akanipa vile viwili vya kupeleka, na gunia dogo la viazi kwa kila nyumba.

Nilianza na Masereka. Nilipofika, mama wa ubatizo alikuwa shambani kwenye powaro zake. Nikaweka kifundo juu ya meza, nikachukua lungo lililokuwa limening'inia ukutani, nikakaa chini karibu na gunia lake la maharagwe, nikaanza kuchagua.